Kwa Mishi, Kabla Hujaanza Kuwauliza Wazee

Mwanangu Mishi,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi, hapa naziruka. Umekwenda Msambweni kumuaga bibi yako, wadogo zako wako madrasa, nami nimetoka zamu ya asubuhi nikaikuta nyumba kimya. Miguu imefura. Nimeitia kwenye beseni la maji ya chumvi, nikatwaa daftari la hesabu la Bakari, nikachana karatasi za katikati. Atalia akiona. Mwambie ni mimi.

Ya kula, ya kulala, ya wanaume, ya kutokuweka simu karibu na dirisha la gari, hayo bibi yako atakwambia leo mpaka masikio yakuwashe, na shangazi zako watakuongezea. Sina nguvu ya kuyarudia. Nina jambo moja, nalo ni la hiyo kazi yako.

Juma lililopita uliponiambia watafiti wamekuchukua, nilisema, "Haya, hongera," nikaendelea kuchagua mchele. Ukasimama mlangoni ukanitazama. "Mama, ndiyo hiyo tu?" Nikakujibu, "Wataka nipige vigelegele?" Lilikuwa neno baya. Umesoma kwa shida, umepata kazi ya kuvaa kitambulisho shingoni, na mama yako akujibu vile. Kisha ukanieleza kwamba mtazunguka kwenye nyumba za wazee pwani hii, muwahoji wazee na wahudumu, halafu muwapelekee mameneja mrejesho ili huduma iwe bora. Ukasema na nyumba yetu ya hapa Diani, hii nifanyayo kazi, imo kwenye orodha. "Tutaonana kazini, Mama!" Ulikuwa ukicheka. Mimi mchele uliniponyoka mkononi, nikajifanya naokota chuya.

Wakumbuka nilipoachishwa kazi kule nyumba ya wazee ya kwanza, ile ya njia ya Msambweni, wewe ukiwa darasa la tano. Nilikwambia wamepunguza watu. Sivyo. Nilifukuzwa kwa ajili ya mrejesho.

Wakati ule nilikuwa bado msichana, ukitazama sana. Nilikuzaa nikiwa kidato cha pili, na shule ikaishia hapo. Ile nyumba ilikuwa ya tajiri mmoja wa Mombasa, tuliyemwona mara chache. Wazee waliokaa pale watoto wao wako Nairobi, wako Uarabuni, wako Ulaya, wanatuma ada. Nilipopita sokoni na sare yangu, wanawake walisemezana kwa sauti ya kunifikia: "Huyo ndiye aoshaye wazazi wa watu." Nilitembea haraka. Kazi ilikuwa ni hiyo.

Meneja akiitwa Bwana Mutua. Ni mtu wa bara kwa asili lakini amezaliwa huku Shimba Hills, kwenye mashamba waliyogawiwa wazazi wake. Kila Jumapili alikuwa kanisani kabla ya kuja kazini. Sitaki umwone jini. Mhudumu akikosa kuja, alivua shati la ofisini akamgeuza mzee kitandani kwa mikono yake.

Na alikuwako Bi Riziki. Kwao Jego, mkulima wa mpunga maisha yake yote, miguu imepinda kwa kuinama matopeni, lakini ulimi umenyooka. Mimi aliniita mke mwenzangu. "Marehemu angekuona wewe," alisema nikimvisha, "mimi ningerudishwa kwetu siku hiyo hiyo na kitanda changu kichwani." Nilimpenda, Mishi. Kuna wazee unaowahudumia kwa mshahara, na kuna wengine unawakumbuka hata siku ya mapumziko.

Pale palikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Ikishapita alasiri, wazee hawapewi maji. Usiku kulikuwa na mhudumu mmoja tu kwa nyumba nzima. Wazee wakilowana, hawezi kuwageuza wote peke yake, na pampasi zilitolewa kwa kubanwa. Basi tuliwabana wazee koo. Tukawalaza kabla ya magharibi, jua bado liko nje, kwa sababu wahudumu wa mchana tulikuwa twaondoka. Siku ya kwanza nilishtuka. Mwezi wa pili nilikuwa nikikusanya vikombe mwenyewe.

Bi Riziki alipata njia. Aliomba maji ya udhu. Na mtu akiomba maji ya kuswalia, utamnyima vipi? Nikawa kila jioni nampelekea kopo na beseni, namtawadhisha palepale kitandani. Siku moja, akisukutua, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Hakutema. Akachota tena, akasukutua, akameza. Mara tatu za sunna, zote zikaenda tumboni. Nikageuza uso nikajidai natafuta taulo. Naye alijua kwamba nimeona, maana aliniambia, "Mke mwenzangu, usinitazame nikiabudu." Tukacheka. Siku zile nilikuwa naweza kulicheka jambo kama lile.

Ndipo wakaja watafiti. Kiongozi wao aliitwa Daktari Kendi, mwanamke wa bara, mpole wa sauti. Alijifunga mtandio kwa heshima na kuvua viatu mlangoni. Nasema haya ujue hakuwa mtu wa dharau. Wazee wengi walipenda kusema Kidigo, hivyo Bwana Mutua akanitoa mimi niwe mkalimani.

Tukafika kwa Bi Riziki. Daktari akauliza, "Huduma ya hapa unaionaje? Unapata unachohitaji?" Nikamgeuzia kwa Kidigo. Bi Riziki akajiweka sawa leso yake, akasema, "Alhamdulillahi. Twashukuru. Hawa ni watoto wetu, watutunza. Nyinyi mmesafiri salama?"

Nikamfasiria Daktari neno kwa neno. Akatabasamu, akaandika, akashukuru, akainuka kwenda kitanda cha pili.

Wewe umelelewa hapa, wajua. Mgeni humpokei kwa malalamiko. Akiuliza hali, hali ni njema, hata kama umelala na njaa. Akae kwanza, anywe kitu, aulizwe wa kwao, aulize wa kwako. Kisha arudie tena kwa sauti ya chini, "Na wewe hasa, hali yako?" Hapo ndipo unamwambia. Anayeondoka na jibu la kwanza amechukua heshima yako tu. Daktari Kendi hakuyajua hayo, na ingekuwa ajabu kama angeyajua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wawili, sikukosea hata neno moja la Kidigo wala la Kiswahili, na bado nilimwacha aondoke bila kitu. Nilijisemea, huyu amesoma mpaka mwisho wa kusoma, mimi wa kidato cha pili nimwambie akae kitako anywe chai? Nikaona kazi yangu ni kufasiri maneno, basi.

Jioni Bi Riziki akaniuliza, "Yule mgeni wako ana haraka gani? Kwao kunaungua?"

Kesho yake ikawa zamu ya wahudumu. Mmoja mmoja, ndani ya stoo ya mashuka, mlango umefungwa. Daktari akaniambia jina langu halitaandikwa popote. Akauliza, akanyamaza, akanisubiri. Mishi, sikuwahi kuulizwa jambo kazini na mtu akasubiri nijibu. Nilimwaga yote. Nikamwambia ya maji, ya kulazwa mchana, nikamwambia bibi mmoja akitawadhishwa humeza maji ya kusukutua. Nililia, akanipa karatasi laini ya kujifutia. Nikatoka mle ndani mwepesi kama niliyetoka kujifungua.

Baada ya miezi kadhaa wakarudi na mrejesho. Bwana Mutua alifunga tai. Akaagiza sambusa na soda, viti vikapangwa ukumbi wa kulia. Tajiri mwenyewe alikuja, na ndiyo maana ya tai. Maskini, alidhani anakwenda kusifiwa mbele yake. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha hata ukurasa mmoja kabla ya siku ile.

Wakawasha mashine, maneno yakatokea ukutani kwa Kiingereza, na kijana mmoja akayasoma kwa Kiswahili. La kwanza: wazee wengi wameridhika na huduma. Makofi. Tajiri akaitikia kwa kichwa. Yakafuata mengine ya chakula na vitanda, kisha yakaja ya wahudumu. Kijana akasoma, sauti safi kama ya redio: "Mhudumu mmoja alisema, 'Kuna bibi nikimpa maji ya udhu huyameza ya kusukutua, kwa sababu ya kiu.'"

Jina halikuwapo. Hawakunidanganya. Lakini ni nani aliyekuwa akimtawadhisha bibi wa watu kila jioni? Shoga yangu Saumu alinifinya paja. Vichwa vyote viligeuka, mpaka mpishi akachungulia kwenye kidirisha cha jikoni.

Tajiri akauliza, "Mutua, ni kweli hii?"

Bwana Mutua akasimama. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye tai. "Boss, si wazee wenyewe wamesema wameridhika? Si tumeisoma hapo mwanzo? Huyu ni mtu mmoja tu ana mambo yake."

"Basi hilo limalize wewe," tajiri akasema, akatazama saa.

Daktari Kendi akasema hawakuja kumlaumu mtu yeyote. Sambusa zikaliwa. Picha ikapigwa, nami nimo, nyuma, nusu uso. Kisha gari lao likaondoka, na sisi tukabaki mle ndani na yale maneno.

Waona ilivyokuwa. Adabu ya Bi Riziki ndiyo iliyotumika kuniita mimi mwongo. Na adabu ile niliifasiri mimi.

Juma lile lile nikahamishiwa chumba cha kufulia. Ukutani kukabandikwa karatasi ya ratiba ya maji, kila mhudumu atie sahihi akishampa mzee. Ilitiwa sahihi vizuri sana, haikukosa hata mstari. Maji yenyewe sikuyaona yakipita, maana mhudumu wa usiku alibaki yule yule mmoja na pampasi zile zile. Na Bi Riziki akaambiwa kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutayamamu. Ni kweli ana ruhusa. Walimletea mchanga kwenye kibakuli, ajipanguse kwa huo badala ya maji.

Nilikuwa nikimwona mchana nikipita na kapu la nguo. "Mke mwenzangu, umehamia kwa bwana gani?" Midomo imekauka imepasuka. Nilimpa maji ya chupa yangu mara nilizoweza, kisha nikaonywa, nikaogopa. Ulikuwa wataka sare mpya mwaka ule. Nikaogopa, Mishi, sina neno jingine la kulipamba.

Kuugua kwake nilikujua kwa nguo. Leso zake hazikuja kufuliwa. Nikauliza, nikaambiwa amepelekwa hospitali, homa na ugonjwa wa njia ya mkojo. Hakurudi. Sisemi kiu ndiyo iliyomuua. Alikuwa mtu mzima, na ajali ya mtu iko kwa Mungu. Nasema alikufa na kiu, na hilo ni jambo jingine.

Nilikwenda Jego matangani. Binti yake mkubwa akanishika mikono miwili, akaniuliza, "Mama alikuwaje siku zake za mwisho?" Nami nikafungua mdomo nikasema, "Alhamdulillahi. Alitunzwa vizuri." Hata mimi! Yule binti akalia kwa kushukuru, akanifungia wali niwaletee nyinyi. Mliula. Mimi sikula.

Niliporudi nilimwambia Bwana Mutua maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mtoto. Akanifukuza, na kwa maneno yale nisingemlaumu. Nikampigia Daktari Kendi. Aliipokea simu, alinikumbuka, alinipa pole ya kweli. Nikamuuliza, "Mlirudi kutazama kama kumebadilika?" Akasema ule mradi umefungwa, hawakuwa na fungu la fedha la kurudi. Akasema nilichosema kimewasaidia sana. Nikamuuliza kimewasaidia akina nani. Kisha nikaikata simu.

Sasa sikiliza na hili, maana bila hili utadhani nakufundisha kuwachukia mameneja.

Mwaka ule tulipokwenda Taru kwenye msiba wa mjomba wako, gari letu liliharibika Mackinnon Road. Wewe ulibaki na wadogo zako kivulini. Mimi nikaenda kutafuta maji, nikaingia kibanda cha kuuza vipuri vya malori, na aliyekaa ndani alikuwa Bwana Mutua. Amekonda, hana tai.

"Mama Mishi! Bado unanichukia?"

"Bado."

Akacheka. Akanifutia kiti, akanifungulia soda. Akaniambia naye alifukuzwa, mwaka haukuisha. Tajiri alitafuta meneja wa bei rahisi.

"Ile mambo ya maji nilijua," akasema. "Mimi ndiye nilipanga. Nilikuwa nimemlilia tajiri anipe mtu wa pili wa usiku, akakataa, nikaandika tena, akakataa. Sasa mimi ningefanya aje? Yule Daktari angenifuata ofisini kwanza, afunge mlango, aniambie, 'Mutua, tumekuta hivi, na tajiri tumwendee vipi?' Haki ya Mungu ningelia kama mtoto. Tungeenda kwake pamoja. Hiyo karatasi yao ndiyo ningempiga nayo. Lakini walinianika hapo mbele yake na soda nimenunua mimi. Mtu akianikwa, anashika chochote kilicho karibu ajifunike. Karibu ulikuwa wewe."

Nikamwambia, "Na Bi Riziki?"

Akaanza kupanga boliti zake kwenye kopo, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Soda niliimaliza kwa sababu kulikuwa na joto. Sikumsamehe, na mpaka leo sijamsamehe. Lakini alilolisema ni kweli, nami nakupa wewe ulitumie, maana mimi sikuwa na pa kulitumia.

Basi ukifika kwenye hizo nyumba, kaa. Wenzako watakuharakisha, wakisema kuna vitanda vingi na siku ni chache. Wewe kaa. Muulize bibi wa watu wajukuu wake ni wangapi na mpunga ulitoka vipi. Akikuambia alhamdulillahi, itikia alhamdulillahi, na usiinuke. Meneja mwendee kwanza peke yake, hata kama ni mtu mbaya. Na akiwa mbaya utakuwa umemjua kabla hujawaacha watu mikononi mwake. Halafu urudi. Bosi wako akisema fungu limekwisha, mwulize mbona la kuja kuuliza lilikuwako. Atakukasirikia. Mwache akasirike, hatakufukuza kwa swali moja, na akikufukuza njoo nyumbani.

Nimebakisha la hapa kwetu. Nyumba hii ya Diani si kama ile. Meneja wetu ni msichana, kasoma, anatuamkia wahudumu wakubwa kwa shikamoo. Lakini kuna jambo pale. Silitaji hapa, si la kuandika kwenye karatasi za Bakari. Mtakapokuja mtaniuliza, na mimi tangu juma lililopita, nikichagua mchele, nikiosha wazee, nikilala, nimekuwa nikijiuliza niseme au niseme alhamdulillahi. Kodi ya nyumba inalipwa na kazi hii. Bakari na Zainabu wanasoma kwa kazi hii. Umri wangu si mkubwa, lakini mgongo wangu haukubali kwenda kuanza upya mahali pengine.

Nimeamua nitasema.

Ila usije wewe kuniuliza. Mweleze bosi wako kwamba mama yako anafanya kazi pale, amtume mwenzako. Nikikuona wewe mbele yangu nitasema kama mama, nitapunguza, nitakuficha baya ili ulale. Kwa mwenzako nitasema kama mhudumu. Nitayasema yote.

Kisha siku moja utakuwa mezani kwenu huko, mnapanga maneno ya kwenda kumsomea meneja, na utayakuta yangu. Hayatakuwa na jina. Mwenzako atakwambia ni salama, yamefichwa. Wewe yasome polepole. Ukisikia sauti yangu mle ndani, hata kwa neno moja, jua meneja wangu naye ataisikia, na wenzangu wote ukumbini watageuza vichwa. Hapo usiniogopee kimya kimya ukayafuta, maana kuna mzee aliye nyuma ya maneno hayo. Wala usiyaache yaende vile yalivyo. Yashike mpaka upate namna ya kuyafikisha bila mimi. Itakuchukua muda, na wenzako watachoka nawe.

Mimi nitakuwa kazini, nasubiri nione umefanya nini.

Ni mimi niliyekuzaa na nikupendaye,
Mamako, Mejumaa